Kifaru cha Mezani

Swali ninalokusudia kulitazama katika insha hii laweza kuonekana dogo, na pengine la kitoto. Je, yafaa mtu asiyependa vita wala umwagaji wa damu kuketi mezani miezi miwili, akaunda kwa furaha mfano mdogo wa chombo kilichobuniwa kwa ajili ya kuua watu? Nalileta mbele ya wasomaji kwa sababu jambo hilo nimelitenda mwenyewe, na furaha niliyoipata ndiyo iliyonitia mashaka. Lau kazi hiyo ingalinichosha ningaliitupa, na nisingalikuwa na la kuuliza.

Chombo chenyewe ni kifaru cha Kimarekani kiitwacho Sherman, kilichopigana katika Vita Kuu vya Pili vya Dunia. Rafiki yangu aliyekuwa masomoni Japani aliniletea sanduku lake likiwa zawadi, kwani ajua tangu utoto wetu kwamba mikono yangu haijui kutulia. Juu ya sanduku ilichorwa picha ya kutisha na kupendeza kwa pamoja: kijiji chawaka moto, moshi umetanda, kifaru chapanda tuta, na kamanda amejitokeza hadi kifuani akinyosha kidole mbele. Ndani ya sanduku hamkuwa na moshi wala kamanda. Mlikuwa na fremu za plastiki ya rangi ya majani makavu, na vipande vingi vimening'inia juu ya vijiti vyake kama ndizi mkunguni, kila kimoja na namba yake. Mlikuwa pia na kijitabu cha maelekezo na karatasi ya nyota nyeupe za kubandika. Basi.

Lugha yetu ina neno moja, mfano, kwa mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenga. Fundi wa majahazi akichonga kijahazi cha kupambia sebule, ameunda mfano. Mzee akitaka kumwonya kijana naye husema, nitakupigia mfano. Wala hakusudii kumwonyesha sanamu, bali kisa chenye maana ndani yake. Mfano wa kwanza wafanana na kitu, na mfano wa pili wafunua jambo. Swali langu lote laweza kuandikwa kwa maneno machache: kifaru changu cha plastiki ni mfano wa namna gani?

Na kwa kuwa tumeanza na majina, tutazame jina la chombo. Waingereza walipokuwa wakikiunda kwa siri mwaka 1915 na 1916, waliwaambia watu kwamba ni matangi ya maji, na jina hilo la uongo likakigandama hata leo katika lugha yao. Wajapani hukiita gari la vita tu. Sisi tulitazama ngozi yake nene, pua yake na namna kinavyokwenda mbele bila kugeuka, tukakiita kifaru, jina la mnyama wa nyika. Twajivunia jina hilo, nami naliona zuri. Ila lina kasoro moja. Kifaru mnyama ana hasira yake mwenyewe. Kifaru cha chuma hakina hasira. Kina watu watano ndani yake, na hasira au hofu ni yao. Jina letu laficha watu, kama lile la Waingereza lilivyoficha silaha.

Mfano wangu ni wa kipimo cha moja kwa thelathini na tano. Asili ya kipimo hiki yachekesha. Hakikutungwa na mwanahesabu wala jenerali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka iliunda mfano wa kifaru cha Kijerumani kiitwacho Panther, uliokwenda wenyewe kwa mota ndogo. Ilibidi mota na betri vienee tumboni, na ukubwa wa mfano ukaamuliwa na jambo hilo. Walipoupima wakaona ni takriban sehemu moja ya thelathini na tano ya kifaru cha kweli, na mafundi wa nchi nyingi wakafuata, hata leo kipimo hicho ni kama sheria.

Kwa kipimo hicho Sherman wa karibu meta 5.8 huwa na sentimeta 16 na nusu, na mtu wa meta 1.75 huwa na sentimeta 5 kamili. Urefu ukipungua mara 35, eneo hupungua mara 1,225. Na uzito, kama tungetumia chuma kile kile, mara 42,875. Kifaru cha tani 30 kingekuwa na gramu 700 hivi, uzito wa kamusi ya wastani. Hesabu hizi zilinipendeza sana usiku wa kwanza, nikazifanya pembezoni mwa kijitabu cha maelekezo. Hata rangi ina kanuni yake: mafundi hushauri ipauke kidogo kuliko rangi ya kweli, kwa hoja kwamba atazamaye kitu kidogo ni kama atazamaye kitu kikubwa kwa mbali, na hewa iliyo kati ya jicho na kitu hufifisha rangi. Ati hata hewa hupimwa! Nikauliza, je, kelele ya injini? Joto la ndani? Hofu ya kijana wa miaka kumi na tisa akisikia chuma kikigonga chuma, yapungua mara thelathini na tano, au mara elfu arobaini? Kijitabu kilikuwa kimya, nami nikaendelea kukata vipande.

Kazi yenyewe ni hii. Kila kipande hukatwa kwa koleo dogo, kovu lake likalainishwa kwa tupa na msasa, kikashikwa kwa kibano na kutiwa gundi. Gundi hii si kama gundi ya karatasi. Huyeyusha kidogo nyuso mbili za plastiki zikawa mwili mmoja, na ukikawia kuona kosa lako huwezi kuvitenganisha tena pasipo kuvunja. Kwa hiyo mtu hujifunza kufikiri kabla ya kugusa. Mnyororo wa upande mmoja wa Sherman una pingili 79, na pande zote mbili 158. Mfano wangu ulitaka ziunganishwe moja moja. Nilizifanya kwa siku sita, ishirini na sita au ishirini na saba kila usiku mpaka usiku wa sita. Sikumbuki lini nilikuwa na utulivu wa moyo kama siku hizo. Simu ilinyamaza, mitihani ya wanafunzi ilingoja, na dunia yote ikawa na upana wa pingili moja.

Hapa pana jambo la kusifiwa, wala sitaki kulipuuza kwa sababu ya yatakayofuata. Uaminifu kwa kitu ni wema. Mtu anayekataa kubandika msumari pasipokuwa na msumari, anayetafuta picha za zamani usiku kucha ili ajue kamba ya kukokotea ilifungwa upande gani, anajizoeza kusema kweli kwa mikono. Wako watu wengi walioandika vitabu juu ya vita bila kujitaabisha kiasi hicho. Aristotle alikwisha kuona, katika kitabu chake juu ya ushairi, kwamba vitu ambavyo kuvitazama kwatuumiza, kama wanyama wachukizao na maiti, twafurahi kuona sanamu zake zilizofanywa kwa usahihi, na sababu aliyoitoa ni kwamba kujifunza ni tamu. Mwalimu wake Plato hakuwa mpole hivyo. Kwake mwigaji yuko mbali na kweli kwa hatua tatu, maana huiga sura ya kitu asichokijua matumizi yake. Nilipokuwa mwanafunzi nilimcheka Plato katika jambo hili. Sasa simcheki sana, na nitaeleza kwa nini.

Usiku mmoja, baada ya kumaliza mwili wa kifaru, nilifika penye vipande vitatu vyembamba vya mraba, kama vigae. Kijitabu kilionyesha pa kuvibandika: viwili ubavu wa kulia, kimoja ubavu wa kushoto. Havikuwa na kazi niliyoweza kuiona. Havishiki kitu, havifungui kitu, na vyaharibu ulaini wa ubavu. Nikataka kujua ni vya nini, nikasoma.

Sherman wa kwanza walihifadhi makombora ya mzinga katika makasha yaliyo ubavuni, juu ya minyororo. Kombora la adui likipenya hapo, makombora ya ndani hushika moto kabla watu hawajawahi kutoka. Jeshi lilipotambua jambo hilo liliamuru vipande vya chuma vya ziada vichomelewe nje, mahali pale pale penye makasha: mawili kulia, moja kushoto. Ndiyo maana ya vigae vyangu. Baadaye, mwaka 1944, vikaanza kutoka vifaru vipya ambavyo makombora yake yaliteremshwa sakafuni na kuzungushiwa maji, na moto ukapungua sana. Lakini kabla ya hapo watu walikuwa wamekwisha kuungua, na vigae vile ni ungamo la jeshi lililoandikwa kwa chuma: hapa tulikosea, hapa wanaungua.

Niliviangalia vigae vitatu vikiwa juu ya ncha ya kidole. Nilikuwa nimevikata vizuri. Kwa karibu mwezi mmoja nilikuwa nikijisifu kwamba nakijua kifaru hiki, na kumbe nilikijua kama mtu ajuavyo herufi za lugha asiyoifahamu. Kuanzia hapo nikaanza kukisoma upya. Kila kipande kilichonikera kwa kutokuwa na uzuri kilikuwa na kisa. Mpakia makombora, katika aina za kwanza, hakuwa na mfuniko wake mwenyewe wa kutokea. Ilimlazimu apite upande wa mzinga, nyuma ya mpiga mzinga na kamanda, na katika aina za baadaye mfuniko wake ulitobolewa. Mifuniko ya dereva na msaidizi wake ilikuwa myembamba, na mzinga ukisimama vibaya uliweza kuizuia isifunguke, baadaye ikapanuliwa. Sakafuni, nyuma ya kiti cha msaidizi wa dereva, pana mlango mdogo wa dharura. Ukiyapanga mabadiliko ya kifaru hiki kwa miaka yake, toka 1942 hata 1945, utaona kwamba mengi ni majibu kwa swali moja tu: watu wale watokeje? Na swali hilo liliulizwa na wale ambao hawakutoka.

Wapiganaji wenyewe hawakungoja majibu. Walirundika magunia ya mchanga mbele ya vifaru vyao, wakafunga magogo na pingili za minyororo ya akiba, ingawa Jenerali Patton aliyakataza magunia kwa sababu yaliongeza uzito na, kwa maoni yake, hayakuzuia kitu. Mafundi wa mifano hupenda sana magunia hayo. Huyafinyanga kwa udongo laini, wakayatia mikunjo ya kitambaa kwa ncha ya sindano, na kweli hupendeza. Sijamwona anayeyaita kwa jina lake, yaani hofu iliyotiwa ndani ya gunia.

Pana hatua ya mwisho katika kazi hii ambayo wenyewe huiona ndiyo kilele cha ufundi, nayo ni kukizeesha kifaru. Kifaru kilichopakwa rangi safi huonekana kama mwanasesere. Basi hutiwa vumbi magurudumuni, kutu kwenye bomba la moshi, michirizi ya mafuta, matope yaliyokauka, rangi iliyochubuka penye viatu vya askari. Zipo rangi za unga na za maji zinazouzwa kwa kazi hiyo pekee. Sasa msomaji alinganishe na jambo lililotendeka kweli. Vifaru vilivyopigwa na ambavyo havikuharibika kabisa vilikokotwa nyuma ya mstari wa vita. Huko mafundi wa jeshi waliingia ndani wakasafisha, na sisemi walisafisha nini. Wakaziba tundu kwa kuchomelea, wakapaka ndani rangi nyeupe upya, na kifaru kikakabidhiwa vijana wengine watano. Wale walisafisha kilichochafuka. Sisi twachafua kilicho safi. Lakini katika uchafu wetu wote, wa aina kumi na kenda za matope na kutu, uchafu ule mmoja haumo.

Ndipo nikamkumbuka Plato. Mwigaji anaweza kuwa mkweli katika kila msumari na akasema uongo kwa jumla, pasipo kutamka neno moja la uongo. Na nisiwaonee mafundi wa mifano peke yao, kwani hata sisi wa vitabu tu watu wa ukoo huo. Nimepata kumsikiliza msomi akihesabu mizani na vina vya utenzi wa vita kwa muda wa saa nzima, akaonyesha kwa ufasaha mahali mtungaji alipoteleza. Na katika saa hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba beti zile zilikuwa zikizika watu. Msomi huyo, nikiri, nilikuwa mimi.

Watasema wengine: mbona wajisumbua? Ni plastiki. Haiui. Hoja hii yaridhisha kwa dakika chache, kisha historia huikanusha. Baada ya Vita vya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliikataza Ujerumani kuwa na vifaru. Jeshi lake likafanya mazoezi kwa vifaru vya bandia, magari madogo yaliyovikwa mbao, turubai na maboksi. Wageni walicheka. Lakini kwa bandia zile maofisa walijifunza namna ya kuvituma vifaru kwa makundi, na mwaka 1939 na 1940 Poland na Ufaransa zilionyeshwa walichojifunza. Mwaka 1942 wanafunzi wa shule za Marekani waliombwa wachonge mifano laki tano ya ndege, kwa kipimo cha moja kwa sabini na mbili, ili wapiga mizinga wafundishwe kutambua ndege ya rafiki na ya adui. Watoto walichonga kwa bidii. Mikono yao haikuwa na damu, na kazi yao haikuwa mchezo. Mfano basi si kitu kisicho na hatia kwa kuwa ni mdogo tu; hatia au usafi wake hutoka mahali pengine.

Wengine watanivuta upande wa pili: kwa hiyo vipigwe marufuku, watoto wasije wakapenda vita. Sina imani na marufuku. Mtoto hahitaji sanduku kutoka Japani. Fimbo ya mpera yamtosha kuwa bunduki, na kifuu cha nazi kuwa kofia ya chuma. Ujerumani ya leo sheria yazuia kuonyesha alama ya Wanazi, na mifano ya ndege zao huuzwa huko bila alama hiyo au alama ikiwa imekatwa vipande kwenye karatasi yake. Ndege yenyewe, mabomu na yote, yauzwa. Naielewa sheria hiyo na naiheshimu. Lakini yaonyesha jinsi ilivyo vigumu kupata mahali pa kuweka mpaka: tumefuta alama, na chombo kimebaki kizuri kama kilivyokuwa.

Mwingereza H. G. Wells alijaribu njia ya tatu. Mwaka 1903 alitunga hadithi ya manowari za nchi kavu, miaka kumi na tatu kabla vifaru vya kwanza havijaonekana vitani huko Ufaransa, tarehe 15 Septemba 1916. Na mwaka 1913 mtu huyo huyo alitoa kitabu cha kanuni za kupigana kwa askari wa risasi sakafuni mwa nyumba, akitoa hoja kwamba vita vidogo vyaweza kumwonyesha mtu ubaya na upumbavu wa vita vikubwa. Mwaka uliofuata vita vikubwa vikaja. Sisemi kwamba vita vyake vya sakafuni vilileta vile; hakuna mwenye akili atakayesema hivyo. Nasema tu kwamba havikuzuia. Yamkini mchezaji aliyezoea kuwasimamisha tena askari wake baada ya chakula cha jioni ndiye wa mwisho kuamini kwamba wengine hawasimami.

Hata hivyo sijalijibu swali la furaha, na pengine jibu liko Shizuoka. Mji huo uliteketezwa kwa mabomu ya moto yaliyodondoshwa na ndege za Marekani usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Juni 1945. Mwaka uliofuata kampuni ya Tamiya ilianzishwa mjini humo ikiwa kampuni ya mbao, kisha ikageukia mifano ya mbao, na baadaye plastiki. Mji wa maseremala ukawa mji wa mifano, na makampuni mengine makubwa ya kazi hiyo yako huko huko. Nchi yao, kwa katiba iliyoanza kutumika mwaka 1947, iliikana haki ya kupigana vita. Na vijana wake wakakaa mezani kuunda meli, ndege na vifaru, vya walioshindwa na vya walioshinda pia. Msomaji mwepesi wa hukumu atasema ni unafiki. Mimi nafikiri habari za kwetu pwani zaweza kutusaidia kuelewa. Tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa vijana wa Lamu na Mombasa, na baadaye wa miji mingi ya Afrika Mashariki, walicheza ngoma ya beni. Waliiga kwata, vyeo, mavazi na matarumbeta ya majeshi yaliyokuwa yamewatawala. Wazungu wengine waliwaona ni nyani waigao mabwana. Lakini aigaye nguvu iliyomshika shingo huenda anataka kuishika yeye mkononi, aigeuzegeuze, aone imefungwa wapi na yafunguliwa wapi, na ikibidi aicheke. Kitu kilichonitisha kikiwa na tani 30, nikikiweka kiganjani kikawa na gramu mia mbili, nimekitendea jambo. Sijui kama furaha hiyo ni njema kabisa. Najua kwamba si ya kikatili.

Nilikuwa nimefika hapo katika fikira zangu, na kifaru kimebakiwa na mifuniko tu, mjomba wangu alipokuja kututembelea. Mjomba alipigana vita vya Kagera, vya 1978 na 1979. Hakuwa mwanajeshi wa vifaru; aliendesha lori la shehena. Habari za vita hiyo hajazoea kuzisimulia, na sisi wapwa zake tulizoezwa tangu wadogo tusimwulize.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hicho nini?"

"Kifaru, Mjomba. Mfano tu."

Alivaa miwani, akakichukua kwa mikono miwili kama achukuaye ndege. Sikupata kumwona mtu akikitazama namna ile. Hakuuliza mzinga una milimeta ngapi, jambo ambalo wageni wote huuliza. Alikipindua, akaona mlango wa sakafuni.

"Huu wa chini ni wa nini?"

"Wa kutokea, juu kukizibwa."

"Anatoka nani?"

"Dereva na msaidizi wake. Na wengine, wakiwahi."

Alikirudisha wima polepole, akaweka kidole penye tundu la mfuniko wa dereva, lililokuwa bado wazi.

"Tulikipita kimoja njiani," alisema. "Kimekwisha kuungua, kimepoa. Vijana wangu wote kwenye lori waliutazama mzinga. Mimi niliutazama mfuniko, maana ulikuwa wazi nusu. Mpaka leo, mwanangu, sijui aliyekuwa ndani alikuwa akiufungua au akiufunga."

Kisha akakiweka mezani, akavua miwani, akauliza kama chai imekwisha kuiva.

Nilikuwa na mifuniko miwili katika kisosi, wa dereva na wa msaidizi, imepakwa rangi na imekauka. Kijitabu cha maelekezo chatoa ruhusa ya kuchagua: ifungwe, au ifunguliwe. Ukifunga, kifaru huwa mnyama, kitu kimoja kisicho na ndani, na jina letu la Kiswahili hulifaa kabisa. Ukifungua, yakupasa uweke mtu, au uonyeshe utupu, kwa maana mfano wangu hauna viti wala usukani ndani yake. Una giza la plastiki. Nilikuwa nimeazimia kufunga, kwa sababu ya unadhifu. Baada ya maneno ya mjomba sikuweza. Nilifikiria kununua sanamu ya dereva ya sentimeta tano, zipo, na nyuso zake huchorwa kwa brashi ya unywele mmoja. Nikaona nitakuwa nimempa uso mtu ambaye sikumjua, na kumfanya atabasamu au akunje kipaji kama nitakavyo mimi. Hilo nalo lilinikataa.

Mfuniko wa msaidizi niliufunga. Wa dereva niliuweka mahali pake bila gundi. Kifaru kiko juu ya kabati la vitabu, kimezeeka vizuri, nyota zake zimepauka kwa kipimo, na vigae vitatu viko ubavuni. Wageni hukisifu. Kila Jumamosi nikipangusa vumbi mfuniko ule huanguka, nami hupiga magoti kuutafuta chini ya meza.